Ukimya wa Magna Carta: Mfalme na Makabaila katika Tamthilia ya King John

Msomaji anayeifungua tamthilia ya Shakespeare iitwayo King John akitarajia kukutana na tukio mashuhuri zaidi la utawala wa mfalme huyo hana budi kushangaa. Mnamo Juni 15, 1215, katika uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuuidhinisha kwa muhuri wake mkataba uliokuja kujulikana kama Magna Carta. Katika tamthilia nzima, iliyotungwa katika miaka ya 1590 na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, mkataba huo hautajwi hata mara moja. Herbert Beerbohm Tree alipoiandaa jijini London mwaka 1899, aliongeza onyesho lisilo na maneno la kutolewa kwa mkataba huo, kana kwamba anamsaidia mtunzi aliyesahau.

Yamkini jibu la haraka ni la kihistoria. Papa Innocent wa Tatu aliubatilisha mkataba huo mwezi Agosti 1215, na ingawa ulitolewa upya baadaye, sifa yake kama ngao ya uhuru ilikuzwa hasa katika karne ya 17, pale mwanasheria Edward Coke na wenzake walipoutumia dhidi ya wafalme wa ukoo wa Stuart. Hata hivyo, jibu hili linaeleza kwa nini mkataba haumo. Halielezi ni kitu gani kilichowekwa mahali pake. Makala haya yanashughulikia swali hilo la pili.

Kilichowekwa mahali pake ni mtoto. Malalamiko ya makabaila wa historia yalihusu kodi nzito, kupotea kwa Normandy mwaka 1204, na gharama za vita vilivyoishia kwa kushindwa huko Bouvines mwaka 1214. Makabaila wa jukwaani wanalalamikia jambo jingine: hatima ya Arthur, mpwa wa mfalme mwenye madai ya kiti. Arthur wa historia alitoweka mwaka 1203, miaka 12 kabla ya Runnymede. Shakespeare anaisogeza miaka hiyo hadi kifo cha mtoto na uasi wa makabaila vikakutana. Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa Kinjeketile (1969), alimtenganisha mtu wa historia na mhusika wa jukwaani. King John nayo yadai kusomwa kwa tahadhari hiyohiyo.

Faida ya kisanaa ni dhahiri. Tangu onyesho la kwanza, Eleanor anamnong'onezea mwanawe John kwamba kiti anakishikilia kwa nguvu zaidi kuliko kwa haki. Hadhira inaijua siri hiyo kabla ya kabaila yeyote kufungua kinywa. Ndiyo sababu mfalme anavishwa taji mara ya pili: asiye na uhakika na uhalali wake huurudia uthibitisho, na kila anaporudia ndipo shaka inapozidi. Pembroke na Salisbury wanaliona hilo na kulisema.

Je, basi makabaila hao ndio watetezi wa haki? Wahakiki wengi huvutiwa na ghadhabu yao mbele ya maiti ya Arthur, aliyeruka kutoka ukutani akitafuta kutoroka. Lakini mpangilio wa onyesho hilo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kabla hawajaiona maiti, Salisbury amekwisha kuwaambia wenzake kwamba watakwenda kuonana na mwana wa mfalme wa Ufaransa, na barua imekwisha kuletwa na Melun. Ni kweli kwamba wamesikia habari za kifo kutoka kinywani mwa John mwenyewe, na huzuni yao si ya uongo. Hata hivyo, kiapo wanachokula mbele ya maiti kinaupa utukufu uamuzi uliokwisha kupitishwa. Maiti haikuwageuza, iliwahalalisha.

Usomaji huu unathibitishwa na kurudi kwao. Melun, akiwa anakata roho, anawafichulia kwamba Mfaransa amekusudia kuwakata vichwa baada ya ushindi. Hapo ndipo wanapomkumbuka mfalme wao. Naye John, kwa upande wake, amekwisha kulikabidhi taji kwa Pandulph, mjumbe wa Papa, na kulipokea tena kutoka mkononi mwake. Faulconbridge, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Richard wa Kwanza, alikwisha kutaja mapema mungu anayeabudiwa na wote hawa: maslahi.

Na umma uko wapi? Hubert anasimulia jinsi mhunzi alivyosimama na nyundo yake, chuma kikipoa, akimsikiliza mshona nguo ambaye kwa haraka alivaa viatu miguu isiyo yake. Watu hao wanahofu na kunong'ona, lakini hawapandi jukwaani. Kwa hili tamthilia haiko mbali sana na mkataba ulioiacha, kwani haki nyingi za Magna Carta ziliwahusu watu huru, si wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana.

Udhaifu wa kazi hii, ikiwa upo, unapatikana mwishoni. John anafariki kwa sumu, makabaila wanampigia magoti kijana Henry, na Faulconbridge anahitimisha kwa kusifu nchi iliyo moja. Katika historia, Henry wa Tatu alikuwa na umri wa miaka 9 alipotawazwa mwaka 1216, na washauri wake waliutoa mkataba upya mwaka huohuo ili kuwavuta makabaila waasi. Jukwaani hakuna sharti lolote. Magoti yanapigwa, lakini mfalme mpya hafungwi na neno lolote. Hadhira iliyomwona John akimdokezea Hubert mauaji, kisha akamlaumu kwa kumwelewa, ina kila sababu ya kuuliza ni kitu gani kitakachomzuia Henry kufanya vivyo hivyo. Tamthilia haijibu. Tree alidhani ameliziba pengo mwaka 1899. Kwa hakika aliliziba swali ambalo tamthilia inaliacha wazi.