Jambo Likielea

Kutoka miteremko ya Eburru, Ndabibi huonekana kama uwanda mmoja mpana wa mashamba, ukinyooka hadi Ziwa Naivasha. Neno la Kiingereza "explain" lingefaa hapa, maana asili yake ni "explanare" ya Kilatini: kusawazisha. Mweleza mambo wa neno hilo ni mtu wa jembe. Anavunja madongoa na kufukia mashimo, msikilizaji apite bila kujikwaa. Kiswahili kilikwenda majini. Jambo ukilifahamu, limekuelea, kitenzi kile kile cha chombo kilicho juu ya maji, na kulieleza ni kulifanya lielee.

Kwangu picha hii ya pili ndiyo inayompa fundi haki yake. Tulichukue ziwa lenyewe. Naivasha halina mto unaotoka, na ziwa la namna hiyo kwa kawaida huwa la magadi, kama jirani zake Elementaita na Nakuru. Mbona maji yake ni matamu? Msawazishaji atajibu kwamba mito ya Malewa na Gilgil huleta maji matamu, basi. Jibu laini, ila swali limefukiwa, kwani mito nayo hubeba chumvi kidogo, na jua hunywa maji likaiacha. Fundi ataanza na sufuria inayochemshiwa maji kila siku: mvuke umepaa, utando mweupe umebaki. Ndipo aseme kuwa sehemu ya maji ya Naivasha hupenya ardhini na kuondoka na chumvi yake. Kilichokuwa kimezama sasa kinaonekana, na kina bado kipo.

Atatokea wa kusema kwamba asili ya neno si maana yake, na bwana shamba wa Ndabibi anaposema "ngoja nikueleze" hawazi jahazi hata kidogo. Kweli, wala Mwingereza hawazi jembe. Neno halimfungi msemaji; linatuachia kipimo tu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kueleza ni kipaji, si kazi. Wahenga walishalijibu: vyaelea vimeundwa. Jahazi huteleza kwa wepesi kwa sababu kuna mtu aliyeinama siku nyingi akikalafati kila mwanya kwa pamba na mafuta. Ile sufuria nayo ilitafutwa, na maneno kadhaa ya kitaalamu yakaachwa ufukweni. Kwa hiyo mwalimu akikueleza jambo likakuelea papo hapo, tafadhali usimwambie lilikuwa rahisi.