Taa Inawaka, Lakini Inaangalia Wapi?

"Mzee, taa si inawaka?" Fundi alimuuliza hivyo mjomba wangu, mjomba akasema inawaka, akalipa, akaondoka. Mimi nina ugomvi na swali hilo.

Gari ni Harrier ya umbo lililoanza 2003, ile mtaani wanayoiita "tako la nyani". Kwenye dashibodi kuna kitaa kidogo cha AFS, na kilikuwa kinawaka na kuzima chenyewe. Fundi wa gereji moja akaingia chini ya gari, dakika ishirini hivi, kitaa kikanyamaza. Wiki chache baadaye tunatoka Kiwangwa usiku, buti imejaa mananasi. Tunakaribia Fukayosi na kila gari linalokuja mbele yetu linatupiga fulu. Mjomba analalamika, "Hawa watu wana shida gani?" Kumbe wenye shida ni sisi.

Taa hizi zina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaipenda: ukikata kona, mwanga unafuata usukani. (Wala si jambo la jana. Citroën DS ya 1967 ilifanya hivyo kwa kebo tu, bila kompyuta, na kebo ikikatika unaiona kwa macho.) Kazi ya pili haina mbwembwe ila ndiyo inayookoa watu: taa inajishusha na kujiinua kulingana na gari lilivyokaa.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme dimu imetegwa ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Taa ikiwa sentimita 70 kutoka chini, mwanga unagusa lami mita 70 mbele. Sasa pakia mananasi, nyuma ishuke sentimita 5. Tairi za mbele na za nyuma zimeachana kama mita 2.7, kwa hiyo pua ya gari inainuka karibu sentimita 1.9 kwa kila mita. Toa ile 1 ya mwanzo, unabaki na mwanga unaopanda. Mita 50 mbele, ukingo wake wa juu uko kwenye mita 1.15 hivi. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo.

Kazi ya kuzuia hilo amepewa sensa ndogo iliyofungwa kwenye mguu wa nyuma, ina mkono unaopanda na kushuka na tairi. Kwa kawaida ina waya tatu: wa volti 5, wa ardhi, na wa kupeleka taarifa. Kompyuta inasoma volti, tuseme kati ya 0.5 na 4.5, inajua nyuma imelala kiasi gani, kisha inaiamuru mota ya taa.

Waya ukikatika kabisa, volti zinatoka nje ya kipimo, kompyuta inashtuka, kitaa kinawaka. Hiyo ni hitilafu yenye adabu. Isiyo na adabu ni ile tuliyotengenezewa sisi. Gari linalala Bagamoyo mjini, kwenye upepo wa chumvi, na waya wa ardhi wa sensa ulikuwa umeliwa. Fundi akaukata, akasokota shaba kwa shaba, akazungushia tepu nyeusi. Siku hiyo umeme ulipita vizuri tu. Halafu unyevu ukaingia, ikaota kutu ya kijani, ukinzani ukapanda. Sensa ikivuta miliampea 10 kupitia kiungo chenye ohmu 50, nusu volti inapotelea pale. Taarifa inafika kwenye kompyuta imepinda, lakini bado iko ndani ya kipimo, kwa hiyo kompyuta inaiamini. Ya kwetu ilidhani nyuma imeinuka, ikazidi kupandisha taa. Kitaa kimya!

Wapo wanaofanya vibaya zaidi: wanaufunga mkono wa sensa kwa waya usicheze kabisa. Hapo kompyuta inaona gari limekaa sawa milele.

Na wapo wenye nia njema wanaosema, basi ishushe taa mpaka chini, usimsumbue mtu. Sikubali. Ikishuka sentimita 2 kwa kila mita, unaona mita 35 tu. Kwa dereva anayechukua sekunde 1.5 kushtuka, breki nzuri na lami kavu, mita 35 zinatosha kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa. Ukiwa kwenye 80 unahitaji karibu mita 70. Anayetembea kando ya lami pale Fukayosi saa mbili usiku hana taa yake.

Siwabebeshi mafundi lawama zote. Ukaguzi niliowahi kuushuhudia nao uliuliza swali lile lile: washa, zima, nenda. Na sisi wenye magari tunataka kitaa kizime leo, kwa bei ya leo. Mwingine alimwambia mjomba anunue sensa nzima, wakati ugonjwa ulikuwa sentimita kumi za waya.

Aliyeupata ni kijana wa umeme wa magari palepale Fukayosi, asubuhi yake. Alifungua swichi, akaweka mita kati ya waya wa ardhi wa sensa na nguzo hasi ya betri. "Shikamoo mzee, njoo uone. Hapa panatakiwa karibu sifuri." Ilisoma zaidi ya nusu volti. Alikata mpaka kwenye shaba safi, akalehemu kwa risasi, akavisha mpira unaosinyaa kwa moto. Kasoro yake moja: hakuwa na kompyuta ya kuifundisha sensa upya mkao wa gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka. Hatua hiyo inarukwa sana, na bila hiyo unaweza kuwa na waya mzima na taa iliyopinda. Ikabidi tuifanyie Bagamoyo.

Jioni tuliegesha mita 10 kutoka ukutani, injini ikiwaka, mjomba akachora chaki sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Tukapakia mifuko miwili ya saruji kwenye buti. Mstari wa mwanga ulipanda, ukasita, ukarudi kwenye chaki.