Shilingi 39

Kumbukumbu za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, zilichapishwa kuanzia 1674 hadi 1913. Ni maandishi makavu: jina, kitu kilichoibwa, thamani yake, hukumu. Leo wazao wa waliohukumiwa huzipekua wakiwatafuta babu zao, na wengine huona haya.

Lakini tuzisome taratibu. Kuanzia 1713, kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40 au zaidi kulikuwa na adhabu ya kunyongwa. Ndiyo maana tunakutana tena na tena na mtu aliyetiwa hatiani kwa wizi wa shilingi 39, hata pale mali ilipozidi hapo. Wazee wa baraza walipunguza hesabu ili kuokoa shingo ya mtu. Mwizi hakuachwa huru. Aliweza hata kupelekwa uhamishoni ng'ambo. Ila aliishi.

Kasoro ya kumbukumbu hizi ni kwamba mara nyingi utetezi wa mshtakiwa umefupishwa mno. Tunajua alichoiba, kwa nini aliiba, hatuambiwi. Basi tusimsafishe kwa kubahatisha, wala tusimhukumu mara ya pili.

Mathayo, alipoorodhesha wazee wa Bwana wetu, hakumficha mke wa Uria. Aliliacha kosa la Daudi ndani ya ukoo wa Mwokozi. Nasi, wapendwa, tukimkuta babu katika kitabu cha kesi, tulitaje kosa lake, kisha tutazame vizuri ile tarakimu: huenda rehema imeandikwa hapo.