"Nzuri, Ila…": Juu ya Kuulizana Hali Mbeya na Iringa

Tumepitia tena vitabu kadhaa vya kuwafundisha wageni Kiswahili, vya zamani na vya siku hizi, tukitafuta jambo moja tu, nalo ni jinsi vinavyofundisha kuulizana hali. Karibu vyote vina sura hiyo mwanzoni, na karibu vyote hufuata njia moja. Kushoto swali, kulia jibu. Hujambo? Sijambo. Habari za asubuhi? Nzuri. U hali gani? Njema. Kisha mwanafunzi hufunua ukurasa, akidhani ya kuwa amekwisha kuamkia. Sisi twasema hajaamkia bado. Amebisha hodi, akaenda zake kabla ya kufunguliwa mlango.

Maneno yenyewe hatuyalaumu. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alikitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, na tangu siku hizo wageni wamejifunza kujibu "sijambo". Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, salamu za pwani zilipanda hadi nyanda za juu za kusini pamoja na sarufi yake. Walakini waliozipokea huku hawakuwa mitungi mitupu. Mnyakyusa alikuwa na *ugonile* yake, na *mugonile* kwa watu wengi au kwa mtu wa kuheshimiwa. Kugona ni kulala, basi asili yake ni kumwuliza mtu kama amelala, ijapokuwa salamu hiyo husikika hata jua likiwa limekwisha kupanda. Mhehe na Mbena walikuwa na *kamwene*, ambayo hata leo utaisikia sokoni Iringa, mara nyingi ikifuatwa na *mnyalukolo*, yaani ndugu. Watu hawa walipokitwaa Kiswahili walitwaa maneno. Mwendo wa kuamkiana, ule wa polepole, walibaki na wa kwao. Na huo mwendo ndio usioandikwa vitabuni.

Tutoe mfano tulioushuhudia wenyewe katika zahanati moja ya milimani, ambayo hatutaitaja. Mama mmoja mzee alikuja kwa dawa zake za kila mwezi. Muuguzi, kijana mwenye adabu, mgeni wa nyanda hizi, alimwuliza, "Shikamoo, bibi. Unaendeleaje?" Mama akajibu, "Marahaba, mwanangu. Sijambo, nzuri tu." Muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo, akampa dawa zile zile, akamwita mwingine. Nje, penye benchi, mama akaketi karibu nasi, tukaanza kuamkiana. Za nyumbani? Nzuri. Wajukuu? Hawajambo. Mvua imenyesha huko? Imenyesha, twashukuru, mahindi yamesimama. Na wewe mwenyewe, mama, umeamkaje? Hapo akanyamaza kidogo. "Nimeamka, ila kichwa kinazunguka. Juzi nilianguka shambani, nikaokotwa na watoto."

Tulimrudisha ndani. Muuguzi akashangaa, akamwuliza kwa upole, "Bibi, mbona uliniambia hujambo?" Mama naye akashangaa vile vile. "Ulikuwa ukiniamkia, mwanangu."

Wapo wageni waliokwisha kusema kwamba watu wetu husema uongo katika salamu: mtu hujibu "nzuri", na dakika tano baadaye hueleza ya kuwa amefiwa. Shutuma hii yatoka katika vitabu vile vile vyenye safu mbili, kwa maana aliyefundishwa kwamba "nzuri" ni jibu hawezi kujua kwamba "nzuri" ni mlango. Jibu la kwanza halielezi hali ya mtu. Laeleza kwamba wawili hawa wana amani, na maneno yaweza kuendelea. Kumtupia mwenzio msiba usoni kabla hajaketi ni kumkosea. Kwa hiyo husemwa kwanza "nzuri", halafu huja "ila" au "isipokuwa", na baada ya neno hilo ndipo penye habari yenyewe.

Mwenye sikio husikia hata kabla ya "ila" kufika. "Nzuri kabisa" si sawa na "nzuri tu", na hiyo "tu" ikivutwa kidogo yataka iulizwe tena. "Tunamshukuru Mungu" laweza kuwa furaha, laweza kuwa subira ya mtu aliyechoka. "Tupo" humaanisha kwamba hatujafa, na kwa leo hayo yatosha. "Hivyo hivyo" ni karibu sawa na kumshika mwenzio mkono na kumwambia akae. Hatujaona kitabu kinachoeleza tofauti hizi, nazo ni nzito kuliko ngeli tatu za majina.

Tusidhani kwamba ni desturi ya Waafrika peke yao. Huko Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, watu huulizana *kuidas käsi käib?*, yaani mkono waendaje, na mtu huweza kujibu *pole viga*, maana yake hakuna kasoro. Hilo ni "sijambo" letu waziwazi: sina jambo. (Msomaji atacheka kwamba neno lao *pole* ni la kukanusha tu, kwetu lingekuwa limekwisha kufariji.) Nako huko asiye na kasoro hajasema kwamba ana raha.

Vitabu hivi vina kosa la pili, nalo ni kudhani ya kuwa kila mtu huweza kumwuliza kila mtu. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka 1935 na 1938, alieleza jinsi mke alivyopaswa kumwepuka baba mkwe wake, asimtazame wala asilitaje jina lake. Kati ya hao wawili hapakuwa na "hujambo" wala "sijambo", na kukaa kimya ndiko kulikuwa heshima yenyewe. Desturi hiyo haishikwi leo kwa ukali wa zamani, walakini wazo lililo nyuma yake lingalipo: kijana hamwulizi mzee "u hali gani?" kwanza, bali humpa shikamoo na kungoja marahaba. Akianza na hali, amemhoji.

Kuhusu vijana na "mambo" na "poa" zao, hatuna ugomvi mkubwa. Wao pia, wakisha kuitikiana "poa", huambiana "sema", na hapo ndipo mambo huanza. Mlango ni mwingine, nyumba ni ile ile.

Tungependa basi waandishi wa masomo waiondoe ile safu ya kulia, waandike mazungumzo mazima, yenye maswali matano au sita, na "ila" ije katika la nne au la tano. Muuguzi, mwalimu na karani wanaotumwa Rungwe au Mufindi wapewe kwanza sura hiyo, na wafundishwe kungoja. Wataambiwa kwamba karatasi ni ghali. Twajua. Zipunguzwe kurasa za majina ya wanyama wa porini, maana simba hamwamkii mtu.