Nairobi hadi Nakuru: Mpango Ulioanzia Saa Nne

Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi. Iulize ramani ya simu usiku wa manane nayo itakujibu kwa moyo mkunjufu: saa mbili na nusu, pengine chini ya hapo. Amini jibu hilo, ondoka South B saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi kwenda kwenye shughuli ya saa nne, nawe utawakuta wenzako wameshanawa mikono.

Safari ninayoichambua hapa ilikuwa ya ruracio. Familia moja ya South B ilikuwa ikipeleka mahari Lanet, viungani mwa Nakuru, na wenyeji walitaka wageni wawe langoni kabla ya saa nne. Gari lilikuwa dogo, la cc 1,500, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Ndani yake watu watano: shosho, mashangazi wawili, kijana wa kubeba mizigo, na mjukuu wa kike ambaye ndiye aliyekuwa dereva na ndiye aliyepanga yote. Alipanga vizuri kuliko madereva wengi ninaowajua, ingawa kuna mahali nitamkosoa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuanzia mwisho. Wengi wetu huuliza, "Tuondoke saa ngapi?" kisha tunataja saa inayopendeza. Yeye alianza na saa nne akarudi nyuma kipande kwa kipande. South B hadi Rironi kupitia Southern Bypass na Gitaru, kilomita 40 hivi, aliipa dakika 45. Rironi hadi Naivasha kwa barabara ya juu ipitayo Kimende, kilomita 60, saa moja na robo. Kupumzika Naivasha nusu saa. Naivasha hadi Lanet, kilomita 60 nyingine, saa moja na dakika kumi. Jumla saa tatu na dakika arobaini. Ukitazama utaona kilomita 60 za kwanza na 60 za pili hazikupewa muda sawa, na hapo ndipo akili ya mpango huu ilipo. Barabara hii haina mwendo mmoja. Ina kipande kimoja kigumu, na mwenye kupanga hupanga kwa ajili ya kipande hicho, vingine vifuate.

Kipande kigumu ni kile cha mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Rironi barabara inazidi kupanda, inapita Kimende na Flyover ikiwa juu ya mita 2,400, kisha inateremka kupitia Kinungi kuelekea Naivasha, ambako ziwa liko chini ya mita 1,900. Huko juu kuna baridi, na asubuhi ukungu unaweza kukaa barabarani mzito kiasi kwamba unaona taa za nyuma za lori kabla ya kuliona lori lenyewe. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni ya magari mawili kupishana tu, bila ukuta katikati. Matatu zinakimbia, malori yanatambaa, na pembeni wakulima wameanika viazi, karoti na kabeji, basi kila mara kuna gari linalochepuka ghafla kwa sababu abiria ameona bei nzuri.

Wazo lake la mwanzo lilikuwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Alipomwambia nyanya yake, "Shosho, tutaamka mapema sana," alijibiwa, "Mimi huamka saa kumi hata kama sina safari. Amsha hao wengine." Lakini saa kumi na moja ilikuwa na kasoro. Wangefika Rironi saa kumi na mbili kasorobo, na kuingia Kimende giza na ukungu vikiwa pamoja. Kwa hiyo akasogeza hadi saa kumi na moja na nusu. Hapo Rironi unaifikia saa kumi na mbili na robo, kunapambazuka, na Kimende unaikuta na mwanga wa kutosha kuona ukingo wa lami. Ukungu haukuondoka kwa sababu ya nusu saa, ila giza liliondoka, na kati ya maadui wawili umebaki na mmoja. Kwa ratiba hiyo Lanet ni saa tatu na dakika kumi, na dakika hamsini zinabaki mfukoni.

Hapa niseme jambo ambalo wakazi wa Nairobi hulisahau kwa sababu ya machungu ya kila siku: asubuhi msongamano mkubwa huwa unaingia mjini, hautoki. Anayekwenda Nakuru alfajiri yuko upande mtupu wa barabara. Adui wake si foleni ya Waiyaki Way bali ukungu wa Kimende na trela la mbele. Anayeharakisha kuondoka saa tisa za usiku ili "kukwepa jamu" anakwepa jamu isiyokuwepo na kujipeleka gizani. Tena Southern Bypass usiku si mahali pa kubadilishia tairi.

Kuhusu njia, kulikuwa na ya juu na ya chini. Ya chini inaachana na ya juu Rironi, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha inapita chini ya mlima Longonot kwenda Naivasha. Mteremko wake ni kazi ya wafungwa wa vita wa Kiitalia wa miaka ya 1940, na kanisa dogo walilojenga bado liko pale kando ya barabara. Ni njia nzuri ya kutazama bonde. Lakini ndiyo njia ya malori mengi mazito, na mteremkoni ni nyembamba. Mvua ikinyesha sana ina hatari zake: Aprili 2024 maji yalibomoa kizuizi kule juu Kijabe yakashuka Mai Mahiu usiku, yakaua watu wengi na kukata barabara. Mjukuu alichagua ya juu. Ningechagua hiyohiyo, ila kwa sharti moja: ukungu ukiwa mzito kupita kiasi, unasimama kwenye kituo cha mafuta, huendelei kwa kuwasha taa za hatari na kuomba Mungu. Taa zinazofaa kwenye ukungu ni zile za chini. Taa kali hugonga ukungu na kukurudia machoni, na taa za hatari zinazowakawaka hufanya wa nyuma asijue kama unakwenda au umesimama.

Sasa hesabu ya kupita gari, ambayo nadhani ndiyo iliyookoa safari hii bila mtu yeyote ndani ya gari kuiona. Chukua trela la mita 17 linalopanda kwa kilomita 40 kwa saa. Uko mita 25 nyuma yake, kwa mwendo uleule. Ili ulipite na kurudi upande wako ukiwa umeliacha mita 25, lazima upate mita 72 hivi zaidi ya zile litakazokwenda lenyewe. Tuseme gari lako linaongeza mwendo mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Itakuchukua sekunde 12. Ndani ya sekunde hizo wewe utakuwa umekwenda mita 205, na gari linalokuja mbele kwa kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao sheria ya Kenya inaruhusu gari dogo kwenye barabara ya namna hii, litakuwa limekwenda mita 333. Jumlisha. Unahitaji mita 538 za barabara tupu, unayoiona yote, bila kona wala kilima wala ukungu. Kati ya Kimende na Kinungi, barabara ya namna hiyo haipatikani kila unapoitaka.

Na kusema gari litaongeza mwendo kiasi hicho ni ukarimu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,400 injini ya cc 1,500 imebaki na robo tatu hivi ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa, na imebeba watu watano, kreti za soda, mablanketi na sukari. Dereva anayelijua gari lake likiwa na mtu mmoja kwenye Mombasa Road hajui gari atakaloendesha huko juu.

Halafu uliza faida ni ipi. Kilomita 60 za Rironi hadi Naivasha mjukuu alizipa saa moja na robo, yaani wastani wa kilomita 48 kwa saa. Angekaa nyuma ya trela la kilomita 40 kwa saa njia nzima bila kulipita hata mara moja, kipande hicho kingekula saa moja na nusu. Tofauti ni robo saa, naye alikuwa na dakika hamsini za akiba. Muda ule ulioachwa makusudi ndio ulioondoa hamu ya kupita. Hakuhitaji ushujaa wala hotuba ya usalama barabarani. Alihitaji tu kutokuwa na haraka, na kutokuwa na haraka alikuwa amekupanga Alhamisi, mezani, kwa kalamu.

Upande wa gari alifanya jambo moja ambalo makanika wangu angelipigia makofi. Magari yaliyotoka Japani huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kimeandikwa Kijapani, na wengi hukiona pambo. Kumbe ndicho kinachotaja upepo wa tairi. Huhitaji kusoma maandishi, soma tarakimu: 220, 230, 240. Hizo ni kilopaskali, na kijana wa kituo cha mafuta anajaza kwa psi. Gawa kwa 6.9: 230 inakuwa 33. Alipima asubuhi tairi zikiwa baridi, jambo la maana, kwa sababu tairi iliyokwisha kimbia hupima juu na kukudanganya.

Kosa lake lilikuwa kwenye buti. Tairi ya akiba aliikagua siku moja kabla, ikawa na upepo, jeki ipo, spana ya magurudumu ipo. Kisha mizigo yote ya ruracio ikapangwa juu yake. Kama tairi ingepasuka Kinungi, kreti za soda na mablanketi ya wakwe vingeshushwa kwenye majani yenye umande huku shosho akitazama. Jeki, spana na pembetatu za hatari zilipaswa kutolewa chini na kuwekwa miguuni kwa abiria wa nyuma. Tairi yenyewe haina budi kubaki chini, lakini angalau pembetatu zingekuwa barabarani kabla ya kuanza kupakua.

Mafuta sina mengi ya kusema. Gari la namna hii likinywa lita nane kwa kilomita 100, safari nzima kwenda ni lita 13 hivi. Jaza Ijumaa jioni, basi.

Mapumziko ya Naivasha ndiyo yaliyokuwa yamewekwa mahali pazuri zaidi. Hakuyaweka kwa sababu ni katikati, aliyaweka kwa sababu ni baada ya kipande kigumu. Dereva aliyetoka kwenye ukungu na mteremko anahitaji nusu saa mikono yake ilegee, na mzee wa miaka themanini anahitaji choo kisafi na kiti kisichotikisika. Kusimama sokoni kule juu kununua viazi kungekuwa kusimama pembeni mwa hatari yenyewe. Mashangazi walinung'unika. Aliwaambia viazi vitanunuliwa kesho, na yeye ndiye mwenye funguo.

Baada ya Naivasha barabara inafunguka, bonde ni pana, na hapo kishawishi ni mwendo. Kuna matuta Gilgil na mizani ya malori, kuna nyama ya Kikopey ambayo harufu yake ni mtihani mwingine, kisha Mbaruk na Lanet. Ndani ya miji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Walifika saa tatu na dakika ishirini, kumi nyuma ya ratiba.

Kurudi ndiko watu wengi hukupanga ovyo, kwa kuwa nyumbani hakuna anayekusubiri langoni. Jumapili alasiri nusu ya Nairobi iliyokwenda Naivasha, Nakuru na mbele zaidi inarudi kwa wakati mmoja, na safari hii kipande kigumu ni cha kupanda. Foleni inaweza kuanzia Naivasha. Wiki ya Safari Rally, ambayo iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilifanya Naivasha kuwa makao yake, hesabu zote hizi zitupe na upange siku nyingine. Kuna pia ujenzi wa upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, uliozinduliwa Novemba 2025. Utakapokamilika kutakuwa na angalau njia mbili kila upande na ada ya kulipia, na hesabu yangu ya mita 538 itabaki ya wanafunzi wa fizikia. Kwa sasa ujenzi maana yake ni njia za kuchepukia na vumbi. Mimi ningeongeza dakika ishirini kwa kila kipande chenye mitambo, na ningempigia simu mtu aliyepita jana.

Mjukuu alipanga kulala Lanet na kuondoka Jumapili saa mbili asubuhi, kabla watu wa Naivasha hawajamaliza kifungua kinywa. Saa nne na nusu walikuwa wamekwisha panda Kinungi, wakasimama kununua viazi. Saa sita gari lilikuwa South B.