Kosa la Wastani katika Mchoro wa Miaka Elfu

Mwaka 1998 Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes walichapisha katika jarida la Nature makadirio ya joto la nusu ya kaskazini ya dunia tangu mwaka 1400. Mwaka uliofuata wakayarudisha nyuma hadi mwaka 1000. Mstari wao ulilala karne baada ya karne, kisha ukainuka ghafla katika karne ya 20. Ndiyo maana ukaitwa fimbo ya mpira wa magongo. Ripoti ya mwaka 2001 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliupa nafasi ya mbele, na ugomvi ukaanza. Wengi waliogombana hawakufika kwenye hesabu yenyewe. Tufike huko.

Kwa kuwa vipimajoto vya zamani ni haba, watafiti huwategemea mashahidi: pete za miti, barafu, matumbawe, tope la maziwa. Amerika Kaskazini ilikuwa na mashahidi wengi mno, misururu 70 ya pete za miti kwa hatua iliyoanzia mwaka 1400. Wangeingizwa wote jinsi walivyo, wangewazidi nguvu mashahidi wachache wa kwingineko. Kwa hiyo misururu hiyo ilifupishwa kitakwimu kuwa ruwaza chache, ya kwanza ikibeba sehemu kubwa zaidi ya mabadiliko.

Kabla ya kufupisha, kila msururu huondolewa wastani wake. Mann na wenzake waliondoa wastani wa 1902 hadi 1980 tu, si wa kipindi chote. Fikiria wauza mchele 70 sokoni. Mmoja bei yake ilitulia miezi kumi na mmoja, ikaruka Desemba. Ukipima kila mwezi kwa kutumia bei ya Desemba kama kipimo, miezi yake yote kumi na mmoja itaonekana imepotoka sana, naye ataonekana ndiye aliyeyumba kuliko wote. Hesabu ile iliipa uzito mkubwa misururu ya namna hiyo.

Mwaka 2005 Wakanada wawili, Stephen McIntyre aliyetoka kwenye utafutaji wa madini na mchumi Ross McKitrick, walilionyesha kosa hili. Waliingiza namba za bahati nasibu zisizo na habari yoyote ya tabianchi, na mara nyingi ruwaza ya kwanza ikatoka na umbo la fimbo. Naamini hapo walikuwa sahihi kabisa.

Lakini kosa la hatua moja halijaangusha jibu la mwisho mpaka uirekebishe hatua hiyo na kukokotoa upya. Wastani ulipotolewa ipasavyo, umbo la fimbo halikupotea. Lilishuka kutoka ruwaza ya kwanza hadi ya nne. Wakanada walibakiza ruwaza mbili, likaachwa nje. Upande wa Mann ulisema kanuni ya uteuzi inadai zibakizwe tano, na hapo linarudi. Eugene Wahl na Caspar Ammann walipokokotoa upya mwaka 2007, mstari ulibadilika kidogo tu.

Kwangu swali zito zaidi ni la mti. Umbo lile lilitoka hasa kwa misonobari mikongwe ya milima ya magharibi mwa Marekani, mingine ikiwa imebaki na ukanda tu wa gome hai. Je, ilinenepa kwa joto au kwa sababu nyingine? Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, chini ya Gerald North, lilishauri mwaka 2006 kwamba miti ya gome la ukanda iepukwe. Lilikubali pia kwamba ile njia ya wastani haifai, ingawa athari yake ni ndogo. Lilikuwa na imani kubwa na makadirio ya baada ya 1600, na imani pungufu kwa karne zilizotangulia. Naona hukumu hiyo ilipimwa vyema.

Mwaka 2008 Mann na wenzake walirudi na mashahidi wengi zaidi, wakakokotoa pia bila pete za miti. Joto la sasa, walisema, halina mfano kwa miaka 1,300 iliyopita. McIntyre na McKitrick wakageukia tope la ziwa Korttajärvi, Finland, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashahidi wapya: tabaka zake za karne za karibuni zilikuwa zimevurugwa na kilimo na ujenzi wa daraja.