Kata za Dhahabu katika Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni kazi ya watu wengi wanaojitolea, na kila aisomaye aweza pia kuiandika. Makala zake nyingi juu ya kata za Geita na Shinyanga humpa msomaji jina la wilaya, namba ya posta na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, kisha hukoma. Hesabu hizo zina faida yake. Lakini mchimbaji wa Nyarugusu hajioni humo: hakuna duara analoshuka kwa kamba, wala karasha lisagalo mawe, wala mwalo ambako dhahabu hunaswa kwa zebaki.

Kosa si uvivu wa waandishi. Kanuni yao yataka kila habari itegemee maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Sensa imechapwa, bali ujuzi wa duarani hupokewa kwa mdomo, kwa Kiswahili na Kisukuma. Kanuni hiyo ni njema, maana huzuia uzushi. Hata hivyo huwafungia nje wajuao zaidi. Wa kulaumiwa kwanza ni wanazuoni, walioyashughulikia mashairi ya pwani kuliko lugha ya machimbo. Orodha ya maneno ya Nyarugusu pamoja na maana zake, ikichapwa katika jarida la chuo, yatosha kuwa ushahidi wa makala.